Kiharusi Kilipokaa Mdomoni

Mtu akipatwa na kiharusi, wanaomzunguka huutazama mguu na mkono. Wageni wanaokuja kumjulia hali huuliza kama ameanza kusimama, mtaalamu wa mazoezi ya viungo huitwa mapema kadiri fedha zinavyoruhusu, na hata wanaomwombea dua humtakia atembee tena. Mdomo husahaulika, ama huhesabiwa kuwa utarudi wenyewe mguu ukisharudi. Mguu wangu ulirudi ndani ya miezi michache, kwa kiasi cha kunitosha kwenda msikitini na dukani, lakini mdomo ndio ulioniuguza kwa muda mrefu, ndio ulionirudisha kitandani pale nilipodhani nimeshapona, na ndio ulionishushia hadhi mbele ya watu ambao nilikuwa nimewauzia bati na saruji kwa zaidi ya miaka ishirini. Nawaandikia walio katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa huu, na zaidi wale wanaowauguza. Mengi yaliyonifika yangeepukika kama mtu mmoja tu nyumbani kwetu angejua kwamba mdomo uliopooza unaweza kubeba matatizo matatu yasiyofanana, yaani kumeza, kutamka, na kuyapata maneno yenyewe, na kwamba kila moja lina namna yake ya kutunzwa.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, jijini Tanga. Presha nilikuwa nayo kwa miaka mingi. Siku kiharusi kiliponipata niliamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, na dalili ya kwanza niliiona nikiwa natia udhu: maji niliyotaka kusukutua hayakukaa kinywani, yalichuruzika kwenye pembe ya kulia ya mdomo hadi kidevuni na kifuani, na nilipojaribu kuifumba midomo kwa nguvu, upande ule haukutii. Mke wangu aliponiuliza kulikoni, nilijua kabisa ninalotaka kumjibu, lakini kilichotoka ni "hapo hapo". Akauliza tena, nikajibu tena "hapo hapo". Muda si mrefu mkono wa kulia ukaanza kuning'inia.

Hospitali nilipigwa picha ya kichwa, ikaonekana mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoutawala mkono na mguu wa kulia, na kwa watu walio wengi ndio pia wenye makao ya lugha. Ndiyo maana anayepooza kulia yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupotewa na maneno kuliko anayepooza kushoto. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena mahali penye vifaa na wataalamu wake, na mtu aliyeamka na dalili hizo hajui zilianza lini usiku. Kwangu mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Nalitaja hili ili anayemwona mwenzake mdomo umekwenda upande na maneno yanamkwama asimpe chai wala asimlaze apumzike kwanza, bali atafute gari, na aikumbuke saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu daktari ataiuliza.

Nyumbani waliosema ni upepo mbaya hawakukosekana, wala waliosema ni jini. Shangazi yangu alileta mafuta ya kunichua shavu, na sikumlaumu, kwani mafuta hayakunidhuru. Kilichonidhuru ni muda tulioupoteza tukibishana. Iko hali nyingine ya uso kupinda, inayotokana na hitilafu ya mshipa wa fahamu wa uso, na ambayo humfanya mgonjwa ashindwe hata kukunja paji la uso na kufumba jicho la upande mmoja. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji likikunjika pande zote mbili na kuuangusha mdomo, ingawa kuzitenganisha hali hizo mbili ni kazi ya daktari, si ya jirani. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam ulikuta kwamba, umri ukishazingatiwa, kwa mwaka watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 hupatwa na kiharusi Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Majini wa kutosha idadi hiyo wangetoka wapi, sijui. Presha peke yake inatosha.

Madhara makubwa ya kwanza yalitokea wodini, na yalitokea kwa mapenzi. Jamaa zangu waliona sijala tangu usiku, wakaleta uji mwepesi kwenye chupa ya chai, wakaniegemeza kwenye mto mmoja nikiwa karibu kulala, na mmoja wao akaanza kuninywesha kwa kijiko. Hakuna mhudumu aliyekuwa amenipima kama naweza kumeza, wala aliyewaambia ndugu zangu wasubiri. Nilipaliwa, nikakohoa hadi machozi yakatoka, na kila mtu akaona kwamba kukohoa ni dalili nzuri ya uhai, kwa hiyo kijiko kikaendelea. Baada ya siku chache nikawa na homa kali na kifua kizito. Uji ulikuwa umeingia mahali pa hewa, na homa ya mapafu ikafuata. Nikabakizwa hospitali muda mrefu kuliko ule ambao kiharusi chenyewe kingenibakiza.

Baadaye binti yangu, anayesomea uuguzi, alinieleza kilichotokea. Tunapomeza, kidakatonge hushuka kuifunika njia ya hewa, na ulimi, kaakaa na koo hulazimika kufanya kazi kwa mpango na kwa kasi. Kiharusi huuvuruga mpango huo. Karibu nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo, na baadhi yao hawakohoi hata kidogo chakula kinapokwenda kombo, kwa sababu koo limepoteza hisia. Kwa hiyo kutokohoa si uthibitisho wa usalama. Mgonjwa anapaswa kupimwa kumeza kabla ya kupewa chochote kwa mdomo, vidonge vikiwamo: huketishwa wima, hupewa maji kidogo kidogo, huku mhudumu akisikiliza kikohozi na kuangalia kama sauti imekuwa ya majimaji baada ya kumeza. Ndugu ana haki ya kuuliza, "Amepimwa kumeza?" Swali hilo halina gharama, na lingetuokolea fedha nyingi pamoja na zile siku nilizolishwa kwa mpira uliopitishwa puani, ambazo sitazisimulia zaidi ya kusema kwamba mpira ule hukera lakini hauumi kama watu wanavyoogopa, na kwamba haukai daima.

Nilipoanza kula tena, tuligundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: maji ndiyo magumu kuliko vyote. Kimiminika chepesi hukimbia kooni kabla koo halijajiandaa, ilhali uji mzito hushuka polepole na kumpa mgonjwa nafasi. Unga maalumu wa kuzitia vinywaji uzito tulielezwa kuwa upo, lakini kwetu Tanga haukupatikana kwa urahisi na bei yake haikuwa yetu, kwa hiyo mke wangu alitumia uji mzito wa ulezi uliochujwa vizuri, mtori, boga lililopondwa, parachichi na papai lililoiva. Kiasi cha uzito kinachofaa tulielekezwa hospitali, na sishauri mtu akikisie. Vyakula vilivyochanganya maji na punje vilinisumbua kuliko vyote: chungwa, supu yenye vipande, wali uliomwagiwa mchuzi mwepesi. Chungwa la Muheza nililolizoea tangu utotoni lilinipalia vibaya, kwa sababu maji yake hutangulia na nyuzi zake hubaki nyuma. Wali wa nazi unaochambuka hutawanyika mdomoni na ulimi dhaifu hauwezi kuukusanya. Bada, yaani ugali wa muhogo, ambayo hunata, niliiaga kwa muda mrefu, na samaki wa miiba vivyo hivyo.

Namna ya kula ilikuwa na uzito kuliko chakula chenyewe. Nililazimika kuketi wima kabisa kwenye kiti chenye mgongo, mto ukiwa umeshindiliwa upande wa kulia nisiinamie huko, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Kijiko kilikuwa cha chai, si cha mezani. Chakula kiliwekwa upande wa kushoto wa mdomo, wenye hisia, na cha pili hakikuletwa mpaka cha kwanza kimemezwa na nimefungua kinywa kuonyesha kwamba ni kitupu. Wageni walikatazwa kunisemesha nikiwa nakula, jambo lililowakera baadhi ya wazee waliozoea mazungumzo ya mezani. Baada ya kula nilibaki nimeketi kama nusu saa. Kuhusu vidonge, muulizeni mfamasia kabla ya kuvisaga, kwa kuwa vipo ambavyo havipaswi kusagwa.

Usafi wa kinywa ni jambo ambalo nalitilia mkazo hata nikionekana mwenye kero. Shavu langu la kulia lilikuwa halina hisia, na chakula kilijificha kati ya shavu na ufizi bila mimi kujua. Jioni moja mke wangu, akinisafisha kwa kitambaa alichokizungushia kidole, alitoa tonge zima la ugali ambalo lilikuwa limekaa humo tangu mchana, limeshachacha. Tangu hapo alipitisha kidole kila baada ya mlo, na mimi nilipoweza nikajifunza kuufanya ulimi uizunguke fizi yote, na kujitazama kwenye kioo. Kinywa kichafu ni hatari zaidi kwa mtu anayepaliwa, kwa sababu mate yakienda mapafuni huenda na vijidudu vyake. Mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa ya meno kidogo isiyo na povu jingi, na kuutema uchafu huku kichwa kikiwa kimeinamishwa mbele, ndivyo vilivyonifaa. Meno yangu ya bandia ya juu, yaliyokuwa yamenikaa barabara, yalianza kucheza kwa sababu misuli ya shavu haikuyashikilia tena. Nikayavua usiku, nikayaosha, na hatimaye nikaenda kwa daktari wa meno akayarekebisha. Kabla ya hapo yalinichubua fizi, na ulimi ukapata utando mweupe uliohitaji dawa ya fangasi.

Udenda nao una aibu yake. Mate hayaongezeki baada ya kiharusi. Tunayameza kwa uchache, na mdomo haufumbi sawasawa. Nilitembea na leso mbili, moja ya kufutia na moja ya akiba, na nikajizoeza kumeza kila nilipokumbuka, hasa kabla ya kuanza kusema. Ngozi ya pembe ya mdomo ilipasuka kwa kulowana, na mafuta mazito ya kupaka yaliitunza. Kuhusu udhu, nilimuuliza sheikh wetu, akanifafanulia kwamba dini haimtaki mtu ajipalie. Nikajifunza kuibana pembe ya kulia kwa kidole, kutia maji kidogo sana, na kuyatema mara moja.

Sasa nifike kwenye maneno. Kwa wiki za mwanzo, "hapo hapo" ndiyo iliyokuwa jibu langu kwa kila kitu: kiu, choo, maumivu, salamu, hasira. Kiimbo kilibadilika, maneno hayakubadilika. Binti yangu alinisomea kwamba mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi "tan" tu, hata hospitalini wakamwita hivyo. Mgonjwa alipofariki, Broca alikuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo wake imeharibika. Sikufurahi kufananishwa na maiti, lakini nilifarijika kujua kwamba hali yangu ilikuwa na jina, afasia, na kwamba karibu theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi huipata kwa kiwango fulani.

Afasia si wazimu wala si usahaulifu. Nilimtambua kila mtu aliyeingia chumbani, nilijua nani ananidai na ninamdai nani, na nilijua tarehe ya mzigo wa nondo uliokuwa unakuja kutoka Dar es Salaam. Lakini mtu asiyejibu huchukuliwa kuwa hasikii au haelewi. Wapo walioniinamia na kunipigia kelele masikioni. Wapo walionisemesha kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Na wapo jamaa walioketi pembeni mwa kitanda changu wakijadiliana kama duka liuzwe ama likodishwe, na kwa bei gani, ilhali mimi nawasikia na bei yao naiona ni ya kitoto. Nilipaza sauti kuwapinga, ikatoka "hapo hapo, hapo hapo!", na mmoja akasema, "Mnaona, amekubali."

Lipo na la upande wa pili, ambalo ni lazima nilikiri: si kila nilichodhani nimekielewa nilikuwa nimekielewa. Sentensi ndefu, hasa zikisemwa na watu wawili kwa wakati mmoja, zilinipita. Tena "ndiyo" na "hapana" zilinigeuka. Nilitingisha kichwa kukubali jambo nililolikataa. Kwa sababu hiyo mke wangu aliweka utaratibu wa kuuliza kila jambo mara mbili kwa namna mbili, kwanza "Unataka maji?" kisha "Hutaki maji?", na kunitaka ninyanyue dole gumba la mkono wa kushoto au niligeuze chini. Vilevile alikataa katakata nisaini karatasi yoyote katika miezi ile, hata iliyoletwa na ndugu wa damu. Familia yenye mgonjwa wa aina hii iufuate mfano wake: mambo ya mali yasubiri, na yasipoweza kusubiri, awepo mwanasheria na asomewe mgonjwa polepole, kipengele kwa kipengele.

Jambo lililowashangaza wote ni Alhamdu. Siku moja mtu aliyekuja kunizuru alianza kuisoma Sura ya Fatiha kwa sauti, nami nikaifuatisha yote, aya kwa aya, bila kukwama, mimi ambaye dakika moja kabla nilikuwa nimeshindwa kuomba maji. Mke wangu alilia. Wengine wakasema muujiza. Mtaalamu wa tiba ya usemi alitueleza baadaye kwamba maneno tuliyoyahifadhi kwa mfululizo tangu utotoni, kama sala, hesabu ya moja hadi kumi, siku za wiki na nyimbo, mara nyingi hubaki hata pale mazungumzo yanapopotea, kwa kuwa hayatungwi upya kila yanaposemwa. Wagonjwa Wakristo tuliokutana nao kwenye tiba walikuwa hivyo hivyo kwa Baba Yetu. Hilo ni tumaini, lakini pia ni mtego, kwa sababu ndugu waliponisikia nikisoma walidhani najifanya mgonjwa ninaposhindwa kuzungumza.

Lugha nazo hazikurudi kwa pamoja. Dada yangu mkubwa alipokuja kutoka Muheza na kunisalimu kwa Kibondei, nilimjibu salamu nzima kabla sijaweza kuijibu ya Kiswahili, lugha niliyoifanyia biashara maisha yangu yote. Wapo wanaorudiwa kwanza na lugha ya mama, wapo wanaorudiwa na ile wanayoitumia zaidi, na wataalamu wamelibishania jambo hilo tangu karne ya 19. Ninachoweza kusema ni kwamba mgonjwa asemeshwe kwa lugha zake zote, asifungiwe kwenye moja kwa kuwa ndiyo ya hospitali.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na wa kwangu alikuwa Dar es Salaam. Kila kikao kililipiwa Sh 50,000 mkononi, na safari moja, ukijumlisha nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, bajaji na chakula, haikupungua Sh 200,000 hata tulipolala kwa mpwa wangu bila malipo. Tuliuza pikipiki ya duka. Nisingeweza kwenda kila wiki, na mtaalamu mwenyewe, Mungu ambariki, hakutaka niende kila wiki; alimfundisha mke wangu na binti yangu mazoezi, akatupa ya mwezi mzima, akatuona kwa video ya simu katikati. Kwa aliye mbali na mjini, huo ndio ushauri wangu: usimpeleke mgonjwa peke yake na mtu wa kumsindikiza tu, mpeleke na yule atakayekaa naye nyumbani, kwa kuwa huyo ndiye atakayekuwa mwalimu wake wa kila siku.

Mtaalamu huyo ndiye aliyetutenganishia kutamka na kuyapata maneno. Neno likipatikana lakini likatoka limevurugika kwa sababu midomo na ulimi ni dhaifu, dawa yake ni kupunguza mwendo, kuvuta pumzi kabla ya kuanza, kuikata sentensi vipande vifupi, na kuivuta kila silabi. Mimi "saruji" ilinitoka kama mtu mwenye pamba kinywani. Neno likiwa halipatikani kabisa, kuvuta silabi hakusaidii kitu; hapo mgonjwa alizunguke neno, aeleze kazi yake, achore, aonyeshe, ama apewe silabi ya kwanza na muda wa kuimalizia. Kila mtu alikuwa ameniletea puto la kupuliza na kunitaka nitoe ulimi nje mara nyingi kwa siku. Nilipuliza kwa uaminifu. Mtaalamu alinieleza kwa upole kwamba anayetaka kusema afanye mazoezi ya kusema, kwani misuli iliyofundishwa kupuliza imejifunza kupuliza.

Nilirudi dukani mapema kuliko walivyotaka jamaa, na sijutii. Nyumbani nilipewa kila kitu kabla sijakiomba, kwa hiyo sikuwa na haja ya neno lolote. Dukani haja ilikuwepo. Kijana wangu wa duka alinitengenezea ubao, akagongelea juu yake misumari ya inchi mbili, tatu, nne na sita, ya bati na ya kawaida, akafunga kwa waya vipande vya nondo vya milimita 8, 10, 12 na 16, kipande cha bomba la nusu inchi na cha robo tatu, bawaba, komeo, na kona ya bati la geji 28 na la geji 30. Mteja alipotaja kitu, nilikigusa na kujaribu kukitaja. Neno lilipokwama, yeye alinitajia, nami nikalirudia. Watu walioona haya kunitazama usoni walijikuta wakiufundisha mdomo wangu kwa kunitajia misumari. Ubao ule ulinifaa kuliko daftari la picha nililopewa, lenye kikombe na kitanda na mwavuli, kwa sababu mimi mwavuli sikuwa na la kuusemea. Mwenye kushona atengenezewe ubao wa vitambaa na vifungo, mwenye kupika awekewe viungo vyake.

Namba ndizo zilizonitia hasara. Nilikusudia tisa, ikatoka sita, na sikusikia kwamba nimekosea. Wateja wengi walinirekebisha, mmoja au wawili hawakunirekebisha. Dawa ikawa kutotaja bei kabisa: naiandika kwenye kikokotoo na kumgeuzia mteja. Namba ya siri ya fedha za simu nayo ilinisumbua. Kuitaja sikuweza, na kidole cha mkono wa kulia, kilichokuwa kimezoea kuibonyeza, hakikuwa na nguvu. Nilipojaribu kwa mkono wa kushoto nilikosea mara kadhaa hadi huduma ikafungwa, na kwenye dawati la huduma wakanitaka nijieleze kwa mdomo kuthibitisha kwamba ni mimi. Mwisho binti yangu alinipa karatasi yenye mchoro wa vitufe bila namba, nikavigusa nikiwa nimefumba macho, na kidole kikaikumbuka njia. Aliye mzima aitafutie familia yake njia ya halali ya kuzifikia fedha kabla ya siku kama hiyo.

Haikutajwa kabisa, katika karatasi zangu za kuruhusiwa hospitali, kwamba ningekuwa nalia ovyo. Nililia kwa tangazo la redio, nililia mteja aliponishukuru, na msibani nilishikwa na kicheko mbele ya wafiwa, kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake na ambacho sikuweza kukizuia. Nilitoka nje nikiwa nataka ardhi inimeze. Daktari aliniambia kwamba huo ni uharibifu wa njia za ubongo zinazodhibiti vilio na vicheko, kwamba ni tofauti na sonona ingawa sonona nayo huwapata wengi wetu, na kwamba zote mbili zina dawa. Nilipewa dawa, vilio vikapungua. Mke wangu aliwapitia wafiwa nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Mtu akianza kulia namna hiyo, msimbembeleze sana wala msimkaripie. Badilisheni mazungumzo, mpeni maji ikiwa anameza salama, naye atatulia.

Yaliyorudi yalirudi kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha yakaenda polepole, lakini hayajasimama. Hata mwaka huu nimeyapata maneno ambayo mwaka jana sikuwa nayo. Viambishi vilichelewa kuliko nomino. Kwa muda mrefu nilisema kama mtu anayeandika orodha, "mteja, saruji, kesho, leta", na waliokuwa na subira walinijazia viungo vya katikati bila kunikatiza. Jioni nikichoka, au nikiwa na homa, usemi hurudi nyuma, na nimeshajua kwamba hicho si kiharusi kipya. Ila udhaifu wa ghafla wa uso au mkono, au maneno kupotea kwa mpigo, hivyo haviulizwi nyumbani, ni hospitali moja kwa moja.

Kinachonishinda bado ni simu ya sauti, kwa kuwa anayepiga haoni mikono yangu wala haoni kwamba ninatafuta neno, husikia kimya na kukata. Wateja wa jumla nimewaomba waandike ujumbe. Kwa wasionijua nimekariri sentensi moja, niliyoifanyia mazoezi na mtaalamu hadi ikawa inatoka yenyewe: "Niliugua kiharusi, naelewa, nasema polepole, usikate." Ninayo pia kwenye kadi ndani ya mfuko wa shati, pamoja na majina ya dawa zangu za presha na namba ya mke wangu, na nimeilaminisha kwa sababu ile ya kwanza ililowana kwa leso. Madereva wa malori ya saruji wameshaizoea. Wapya hukata mara ya kwanza, kisha wakipiga tena nawasomea sentensi yangu, na wengi wao husubiri mpaka nimalize kutaja idadi ya mifuko, ambayo baadaye kijana wangu huwatumia kwa maandishi ili sita isije ikawa tisa.